Muhuri wa mwenyekiti na kiwanja cha aliyeko ughaibuni

Ukikaa na Watanzania wa Washington, Reading au Muscat wakizungumza siasa za nyumbani, mazungumzo yataanza na uraia pacha, yapite kwenye haki ya kupigia kura balozini, yaishie kwenye nani anafaa kukaa kiti gani Dodoma. Ni mambo ya haki na yanastahili kudaiwa. Lakini anayerudi likizo akakuta nyumba ya mtu mwingine imesimama juu ya msingi wake hakuponzwa na Dodoma. Jambo lake lilimalizwa katika ofisi yenye meza moja na benchi la mbao, bendera ikipepea nje: ofisi ya kijiji, au ya mtaa. Aliyeko nje hupoteza mali na amani ya familia kwenye siasa za ngazi hii ya chini kabisa. Angeweza kuzishika hata bila kura, ila wengi hutuma hela mahali palipohitaji karatasi.

Tuanze na tofauti ambayo wengi huikanyaga. (Ninayoyasema ni ya Tanzania Bara, Zanzibar ina sheria zake za ardhi na masheha wake.) Kijiji na mtaa vinafanana kwa macho: kila kimoja kina mwenyekiti wa kuchaguliwa, mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri ya wilaya au ya mji, na muhuri. Kisheria ni mbali na mbali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Halmashauri hiyo ina wajumbe kati ya 15 na 25, na hata yenyewe haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mwenyekiti wa mtaa mjini hana mamlaka hayo hata kidogo. Ardhi ya mjini iko chini ya Kamishna wa Ardhi na maofisa ardhi wa halmashauri. Mwenyekiti wa mtaa anaweza tu kushuhudia kwamba fulani na fulani waliandikiana mbele yake. Ni shahidi, sawa na jirani aliyeitwa.

Sasa mtu wa Houston anatuma milioni 15 za kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, anatumiwa picha ya karatasi ya mauziano yenye mihuri mitatu na dole gumba la wino, analala usingizi. Karatasi ile inathibitisha kwamba hela ilitoka mkononi mwake. Haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na kitu cha kuuza. Kama ardhi ni ya kijiji, cha kuomba kwanza ni muhtasari wa mkutano mkuu ulioridhia ugawaji: tarehe, ajenda, orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Muhtasari wa halmashauri ya kijiji peke yake hautoshi, na hapa ndipo wengi wanapopigwa, kwa sababu kikao cha watu 15 ni rahisi kukipanga kuliko mkutano wa kijiji kizima. Kama eneo limepimwa, omba namba ya kiwanja na kitalu, kisha mtu wako akafanye upekuzi ofisi ya ardhi kabla hela haijatumwa. Upekuzi unaonyesha jina lililosajiliwa, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama mtu ameliweka.

Kuna na ile asilimia 10 ambayo ofisi nyingi za mitaa hudai kila kiwanja kinapouzwa. Hakuna sheria ya ardhi inayompa mwenyekiti wa mtaa fungu hilo, na viongozi wa serikali wamelikemea mara kadhaa, lakini lipo. Sababu ipo wazi kwa anayetaka kuiona: mwenyekiti ni kiongozi wa kuchaguliwa asiye na mshahara, anaishi kwa posho ndogo inayofika ikipenda. Ukimpa mtu mamlaka ya kugonga muhuri bila kumpa mshahara, muhuri utakuwa mshahara wake. Kwa hiyo mwenyekiti ana faida kila mauziano yanapofanyika na hana faida yoyote yanapozuiwa. Usitegemee akuulizie kama shamba analouza baba yako mdogo ni la ukoo mzima.

Kwa shamba la kijijini, sheria imemtaja aliyeondoka waziwazi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinasema ardhi ya kimila inaweza kuhesabiwa imetelekezwa kama haijakaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano. Kifungu hichohicho kinamgusa pia mtu aliyetoka nje ya nchi bila kumwachia yeyote dhamana ya ardhi na bila kuipa taarifa halmashauri ya kijiji. Sentensi hiyo iliandikwa 1999, na bado ni wachache sana walioko nje wanaojua kwamba inawahusu. Utaratibu unaitaka halmashauri itoe tangazo la kusudio lake, na wenye maslahi wana nafasi ya kupinga. Tangazo hilo hubandikwa ofisi ya kijiji na shambani kwenyewe. Aliyeko Toronto hatalisoma. Atakayelisoma ni shemeji yake, na shemeji huenda ndiye anayelitaka shamba.

Dawa yake ni barua ya ukurasa mmoja. Iandikwe kwa halmashauri ya kijiji, kupitia kwa mtendaji, ikitaja eneo kwa mipaka na majirani wa pande zote nne, sababu ya kutokuwapo, jina la anayeachiwa dhamana na kazi anayoruhusiwa kufanya. Nakala mbili. Moja ibaki kwenye faili la kijiji, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na irudi kwa familia. Apewe mtendaji, asipewe mwenyekiti nyumbani kwake, kwa sababu mtendaji ni mwajiriwa, ndiye katibu wa vikao, na akihamishwa anatakiwa kukabidhi ofisi. Mwenyekiti akishindwa uchaguzi mara nyingi huondoka na daftari; wapo waliokaa na mihuri ya zamani miaka kadhaa baada ya kung'oka, na mihuri hiyo haikukaa bure.

Hapo tunafika kwenye uchaguzi. Wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Mara ya mwisho ilikuwa 27 Novemba 2024, uchaguzi ukisimamiwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Daftari lake si lile la kudumu la Tume ya Uchaguzi: wakazi walijiandikisha upya kuanzia 11 hadi 20 Oktoba, na sharti kubwa ni ukazi wa eneo husika. Aliyeko nje hana pa kuingilia, hata akiwa na kitambulisho cha NIDA mfukoni. CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji. Mwaka 2019 matokeo yalikuwa ya namna hiyohiyo baada ya CHADEMA na vyama vingine kujitoa wakilalamikia wagombea wao kuenguliwa. Uwe na maoni yoyote juu ya takwimu hizo, maana yake kwa familia ni moja: sehemu nyingi mwenyekiti anapatikana kwenye kura za maoni ndani ya chama, wiki kadhaa kabla ya siku ya kura. Ndugu anayekuomba hela ya kugombea uenyekiti anaiomba wakati huo.

Umpe? Nadhani usimpe, na sababu yangu haihusu chama. Ukifadhili kampeni ya ndugu, kiwanja chako kinaingia kwenye siasa ya mtaa. Akishindwa, mshindi anakujua. Akishinda, kila mwenye kinyongo naye atapitia kwako, na akija kushuhudia nyaraka zako ushahidi wake utatiliwa shaka kwa sababu ni damu yako.

Kilichobaki bila kura ni mkutano mkuu wa kijiji. Unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe, akiwamo mama yako, dada yako na kijana anayekulindia nyumba. Familia inayopokea hela kutoka nje mara nyingi ndiyo ya kwanza kuacha kwenda mkutanoni: ina kisima chake, inatibiwa hospitali ya binafsi, watoto wako bweni. Hela ya ughaibuni inawatoa wenye uwezo wa kuuliza maswali mahali pa kuulizia, na kijiji kinabaki na wasioweza kumkera mtendaji. Siku ajenda ya kugawa ardhi inapopita kwa kunyoosha mikono, hakuna wa nyumba yako aliyekaa pale. Hasara hiyo haionekani kwenye risiti yoyote ya kutuma hela.

Sasa uraia, maana hapa siasa ya juu na ya chini hukutana. Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa Tanzania na wa nchi nyingine kwa pamoja. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, kinamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi yaliyoleta hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Ni hatua, na wenye haraka wameishangilia kana kwamba uraia pacha umefika. Angalieni vizuri kilichoguswa: Sheria ya Ardhi ya Vijiji haikuwamo, na shamba la babu liko huko.

Kwa miaka mingi waliobadili pasi walifanya walichoweza: wakaandikisha mali kwa jina la kaka, la mama, la mtoto wa shangazi. Mpango huo hufanya kazi vizuri mpaka siku aliyeandikwa anapofariki. Siku hiyo nyumba inakuwa mali ya marehemu. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, ofisi ya mtaa inatoa barua, RITA, wakala wa serikali wa usajili, inatoa cheti cha kifo, faili linafunguliwa mahakamani. Mjane ana haki yake, watoto wana haki yao, na wewe uliyejenga kwa miaka 11 ni mjomba mwenye madai. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne kwa fomu namba V, kisha hesabu ya ugawaji kwa fomu namba VI. Kama nyumba imo kwenye fomu ya kwanza na hukupinga, kuitoa baadaye ni kazi ya miaka na mawakili. Anayesikia msiba wa ndugu aliyeandikishiwa mali yake atume rambirambi, halafu wiki hiyohiyo aulize kikao cha ukoo ni lini na nani anaandika muhtasari. Inaonekana ni ukatili. Watakaokiita kikao hawataona hivyo.

Ndoa nayo ina mlango wake. Mume yuko Dubai, hela ya ujenzi inapitia kwa kaka yake, kiwanja kimeandikwa kwa jina la mama mzazi, mke anaishi humo na kusimamia mafundi. Ndoa ikiyumba kila mtu ana ushahidi wa upande wake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kuficha nyumba kwa jina la mama ili mke asiipate ni hesabu mbovu hata kwa mwenye moyo mgumu. Ndugu zako watapata kitu ambacho hawakuchangia, na mke atatumia kila risiti ya saruji aliyoipokea kuthibitisha kwamba nyumba ni ya ndoa.

Kwa ambaye bado ni raia, jibu la kawaida ni hati ya uwakilishi wa kisheria. Inafaa, ila zinaandikwa vibaya. Hati inayosema "namruhusu kaka yangu kushughulikia mali zangu zote" ni ruhusa ya kuuza. Itaje namba ya kiwanja na kazi moja moja: kulipa kodi ya pango la ardhi, kufuatilia hati, kupokea kodi ya wapangaji, kuhudhuria baraza. Iseme waziwazi kwamba hana ruhusa ya kuuza, kuweka rehani wala kugawa. Iwe na tarehe ya mwisho. Miaka miwili inatosha. Isainiwe ubalozini au mbele ya mthibitishaji anayetambulika huko uliko, ilipiwe ushuru wa stempu, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Aliyeitoa akifariki, hati imekufa pamoja naye, jambo linalosahauliwa na ndugu wanaoendelea kuitumia baada ya mazishi.

Urasimishaji wa makazi mijini ni mahali pengine panapohitaji macho, na kwa maoni yangu ndipo patakapozaa kesi nyingi zaidi za watu wa nje. Eneo lililojengwa bila mpango linapimwa kama lilivyo. Kamati ya wakazi inaundwa mtaani, wapimaji wanapita nyumba kwa nyumba, majirani wanaonyeshana mipaka, barabara inachorwa, bikoni, yaani alama za mipaka, zinapigwa, majina yanaandikwa. Jina linaloandikwa ni la aliyekutwa. Mlinzi wa nyumba akisema "hapa ni kwangu", au mpangaji wa siku nyingi akikaa kimya wakati anaandikwa, ramani itakwenda halmashauri na jina hilo. Barabara nayo inachorwa kwa maelewano ya waliopo, na asiyekuwapo ndiye anayekatwa mita tatu. Ukisikia mtaa wako umeanza kurasimishwa, mtu wako awe amesimama kwenye kiwanja siku ya upimaji akiwa na nakala za mauziano na hati ya uwakilishi, na alipie mchango wako wa upimaji kwa risiti yenye jina lako, si lake.

Kuhusu mlinzi, mahakama zimeshasema mara nyingi kwamba mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi hawezi kuigeuza yake dhidi ya mwenyeji, hata akikaa miaka mingapi. Kinachotakiwa ni kuthibitisha kwamba alikaribishwa. Makubaliano ya nusu ukurasa yenye mashahidi wawili, na kumbukumbu za malipo yake ya kila mwezi, yanatosha. Bila hivyo saa inahesabu: muda wa kudai ardhi ni miaka 12, na miaka 12 ya ughaibuni inapita upesi.

Mgogoro ukiibuka, njia yake inajulikana. Kijijini kuna baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, kazi yake kusuluhisha. Baraza la kata lilikuwa likiamua mashauri hadi marekebisho ya 2021. Sasa linasuluhisha tu, na likishindwa au siku 30 zikipita, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo wanaoambiwa na mtendaji kwamba kata imeshahukumu na mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Ila usipoonekana wewe wala mwakilishi wako, shauri la wilaya linaweza kusikilizwa upande mmoja, na kulirudisha kunahitaji sababu ya msingi. "Nilikuwa nje ya nchi" huwa haitoshi kama wito ulipokelewa nyumbani kwako.

Michango nayo ni siasa. Kijiji kinaomba hela ya darasa, mwenyekiti anapiga simu mwenyewe, sauti ya upole. Kupima ombi usitazame bei za Ulaya: mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa milioni 20 kila moja. Bajeti ya kijiji ikifika milioni 35 kwa chumba kimoja, omba mchanganuo. Desturi ni wananchi kuinua boma hadi usawa wa kuezeka na halmashauri kumalizia, kwa hiyo kabla ya kuchangia uliza kama umaliziaji umo kwenye bajeti ya halmashauri ya mwaka unaoanza Julai; maboma yasiyo na paa yamejaa nchi nzima, na mvua za misimu mitatu zinatosha kuyala. Hela iingie akaunti ya shule au ya kijiji kwa namba ya malipo ya serikali, na isomwe kwenye mkutano mkuu. Ikiingia kwenye simu ya mtu, ni zawadi yako kwake.

Mwisho kuna maneno. Unachoandika mtandaoni juu ya viongozi ukiwa mbali hufika kijijini kabla ya hela yako, na anayeulizwa ni mama yako akienda kuomba barua ya utambulisho. Sisemi unyamaze, sema ukijua nani atasimama mlangoni. Uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025 ulifuatana na vurugu, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na familia zilizozoea kuonana kwa video zikakosa hata pa kuuliza nani yuko salama. Waliokuwa na namba za simu za kawaida za majirani wawili, na waliokuwa wameacha nyumbani akiba ya taslimu ya wiki mbili, walihangaika kidogo kuliko wengine. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi, pamoja na ya mtendaji wa kata, kwa sababu watendaji huhamishwa na simu hupotea.